Nani Yuko Nyuma ya Tela?

Msikiti wetu una tela. Si tela la kubebea makontena. Ni tela dogo la ekseli moja na magurudumu mawili, lililochomelewa na mafundi wa hapa hapa mtaani na kutolewa wakfu na muumini mmoja aliyetuomba tusimtaje. Kazi yake ni shughuli za watu. Hubeba viti vya plastiki mia moja na hamsini, maturubai manne, majamvi, masufuria ya pilau na tangi la maji. Akifiwa mtu, tela hufika kabla ya jamaa wa mbali. Hulivuta pikapu ya mzee mmoja wa kamati, dereva mstaafu wa malori, ambaye hatukumbuki siku aliyodai zaidi ya mafuta.

Tangu mwaka jana tela hilo lina kamera kwa nyuma. Wapo wanaotutania kuwa msikiti umekuwa wa kisasa mno, na wapo waliotuuliza kwa dhati namna ilivyofungwa, kwa sababu nao wana tela na wana ua mwembamba. Tumeona tuwajibu hapa. Lakini hatuwezi kueleza habari za waya bila kueleza kwanza kilichotupeleka kwenye waya, na hapo kalamu inakuwa nzito, maana sisi tunaoandika haya ndio wenye kazi ya ukatibu katika kamati hiyo, na kosa tutakalolitaja lina mwenyewe.

Ilikuwa alasiri, tunarudi kutoka mazikoni. Lango la ua wetu ni jembamba: kulia ukuta wa mahali pa kutawadhia, kushoto baraza ya madrasa. Tela haliwezi kuingia kwa mbele kwa kuwa ndani hakuna pa kugeuzia, hivyo huingizwa kinyumenyume. Anayejua kurudisha gari peke yake hajajua kurudisha tela. Ukikata usukani kulia, mkia wa tela huenda kushoto. Na tela likiwa fupi, hukunja upesi kuliko lile refu la lori. Likishaanza kukunja, kioo cha pembeni cha upande mmoja hujaa ubavu wa tela, na cha upande wa pili huonyesha ukuta na mbingu. Kioo cha kati nacho hakimfai dereva kitu, kwa sababu viti vimepangwa kwenda juu hata vikapita kimo cha mtu. Nyuma kabisa hubaki mahali ambapo dereva hapaoni kwa kioo chochote.

Kwa ajili hiyo utaratibu wetu tangu siku ya kwanza ulikuwa kwamba mtu mmoja asimame nyuma, upande wa dereva, mahali anapoonekana kiooni. Asipoonekana, gari lisimame. Zamu ya siku ile ilikuwa yetu sisi tunaoandika.

Tulikuwa tumesimama mahali petu. Kisha kijana mmoja akaja kutuambia kwamba viti vimerudi pungufu vinne, nasi tukatoa daftari. Daftari ni maradhi ya makatibu. Tulisogea hatua tatu au nne hadi barazani ili tupate pa kuegemea, na kwa mkono wenye kalamu tukamwashiria mzee aendelee kidogo kidogo. Watoto wa madrasa walikuwa wanatoka.

Binti wa miaka sita aliangusha juzuu yake nyuma ya tela, akainama kuiokota. Tulisikia ukelele wa wenzake kabla hatujainua macho. Bamba la nyuma la tela lilimpiga begani, akaanguka, na gurudumu likasimama likiwa limekanyaga ncha ya mtandio wake. Ncha ya mtandio tu. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Hospitali walimfunga mkono kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni, wakatuambia mifupa ya watoto huunga upesi, na kweli uliunga, alhamdulillahi.

Baba yake alisamehe palepale. Mama yake hakupaza sauti. Alituuliza swali moja tu: nani alikuwa nyuma? Tukamjibu kwamba walikuwapo watu wa kamati.

Katika muhtasari wa kikao kilichofuata tuliandika hivi: kamati ilighafilika kuweka mtu nyuma ya tela. Tulipousoma mbele ya wajumbe, yule mzee dereva, ambaye tangu siku ile alikuwa hajashika usukani, alivua miwani akasema, "Katibu, mwanangu, kamati haina miguu. Haiwezi kusimama nyuma ya tela." Hakuongeza neno. Tukaifuta sentensi ile, tukaandika nyingine yenye mtu ndani yake.

Tuliposoma chuoni kulikuwa na mlango katika fiqhi unaohusu dhamana ya mtu kwa kile anachokiharibu mnyama wake. Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu katika pwani hii tunayafuata, humbebesha aliye pamoja na mnyama dhamana ya uharibifu wake, usiku na mchana. Wahanafi humvua mpanda mnyama dhamana ya teke la mguu wa nyuma na pigo la mkia anapokuwa njiani, kwa hoja kwamba hilo hana namna ya kujikinga nalo. Tulikuwa vijana, tukabishana juu ya teke lile bwenini hadi taa zikazimwa, tukiuona mlango mzuri wa ubishi lakini wa zamani, mlango wa ngamia na punda. Sasa tela lilikuwa uani, na hoja ile ya Wahanafi haikutufaa hata kidogo. Nyuma tulikuwa na namna ya kujikinga. Tulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa anaandika.

Fikra ya kamera ilitoka kwa mjumbe kijana. Mwingine akasema fedha hizo zingenunua majamvi, na kwa kweli majamvi yetu yamechakaa. Lakini mjadala haukuwa mrefu, kwa sababu binti yule alikuwa akionekana kila jioni barazani na mkono wake shingoni. Vifaa pamoja na ufundi havikufika shilingi laki mbili.

Katika kutafuta habari tulikutana na jambo lililotuhuzunisha na kututia adabu. Marekani wanayo sheria iliyotiwa saini mwaka 2008, iliyopewa jina la mtoto wa miaka miwili ambaye mwaka 2002 aligongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwao, akafa. Aliyekuwa akiliendesha ni baba yake mwenyewe, naye ni daktari wa watoto. Kutokana na sheria hiyo, tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo sharti limwonyeshe dereva picha ya nyuma. Matela, hata hivyo, yameachwa nje ya sheria hiyo. Wasomaji wengi wa kurasa hizi hawana tela, lakini wanayo magari madogo, au bajaji, na wana watoto wanaokimbilia lango kila wasikiapo muungurumo wa baba; watajua kwa nini tumelitaja.

Pikapu yenyewe, kama yalivyo magari mengi yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani, ilikuja na kamera yake. Ukishafunga tela, kamera hiyo humwonyesha dereva kitu kimoja, nacho ni ubao wa mbele wa tela.

Fundi umeme wetu wa kwanza alipendekeza kamera isiyo na waya: picha iruke hewani kutoka mkiani hadi kwenye skrini, na kamera ipate umeme wake kwenye taa ya rivasi ya tela. Hapo tukagundua kwamba tela halina umeme wa rivasi. Plagi yetu ni ile ya mviringo ya pini saba, iliyozoeleka. Saba hizo zimegawanywa hivi: indiketa ya kushoto na ya kulia, taa ndogo za kushoto na za kulia, breki, ethi, na taa ya ukungu ya nyuma. Hesabu, utaona saba zimekwisha na rivasi haimo. Fundi akatumia pini ya pili, waya wa buluu, ambao kwa desturi ni wa taa ya ukungu. Tela letu halikuwa na taa hiyo. Jambo hilo linafaa kuandikwa na kubandikwa pande zote mbili, kwenye gari na kwenye tela, kwa sababu gari jingine likija kulivuta, waya ule utakuwa na kazi nyingine. Tuliandika. Mara hii daftari lilifaa.

Picha ya hewani haikutufaa. Kamera nyingi za namna hiyo hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, na kati ya kamera yetu na skrini kulikuwa na tangi, masufuria na mabomba ya chuma ya maturubai. Wakati mwingine picha ilipotea, na hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu skrini nyeusi inajulikana kuwa haioni. Kibaya ni pale picha ilipoganda. Ua uliokuwa mtupu sekunde mbili zilizopita uliendelea kuonekana mtupu, huku mtu amekwisha kupita. Mzee aliizima mwenyewe, akasema afadhali kipofu anayejijua. Tukaing'oa.

Fundi wa pili, mtu mzima na mchache wa maneno, alileta kamera ya waya, ya aina ifungwayo kwenye malori. Kebo yake moja hubeba picha na umeme pamoja, na huungana kwa plagi ya pini nne inayokazwa kwa kuzungushwa, ili mtikisiko usiichomoe. Aliipitisha chini ya sakafu ya gari, mbali na bomba la moshi, hadi kwenye mkono wa tela. Pale kwenye maungio ndipo penye kazi. Kebo ikiwa fupi, gari likikunja kona itakatika. Ikiwa ndefu itaburuzika. Yetu iliburuzika wiki ya kwanza, ikasagwa na barabara ya changarawe, tukanunua nyingine. Sasa imeachwa ulegevu wa kutosha kwa tela kukunjwa hadi mwisho pande zote mbili, kisha ikafungwa juu ya mnyororo wa usalama isiguse chini. Na ule waya wa buluu uliobaki bila kazi umepewa taa nyeupe ya rivasi mkiani, kwa sababu mazishi mengine hutukuta usiku, na kamera isiyo na mwanga huona kidogo sana.

Mahali pa kuifunga tulikosea pia. Tuliifunga kwenye bamba la nyuma, palipoonekana pazuri kuliko pote, mpaka siku tulipoliteremsha bamba kupakua viti na kamera ikatazama ardhi. Fundi akachomelea upinde wa bomba la chuma juu ya mkia wa tela, mita moja na nusu hivi kutoka chini, akaielekeza kamera chini hata ukingo wa bamba ukaonekana mwishoni mwa picha. Tulimwuliza kwa nini asiinue zaidi, ili mzee aone barabara yote. Akajibu kwa swali: mtoto aliinama wapi? Tukanyamaza, maana aliinama pale pale penye ukingo.

Siku ya kujaribu, mzee alikubali kurudi kwenye usukani baada ya miezi miwili. Alirudisha taratibu, akitazama skrini, akakata usukani, na tela likaelekea moja kwa moja kwenye nguzo ya bomba. Tulipiga kelele. Akashuka akisema televisheni hii ni ya uongo. Haikuwa ya uongo, ila ilikuwa haijageuzwa. Picha ya nyuma sharti igeuzwe kulia na kushoto ili ifanane na kioo: kilicho kushoto kwa dereva kionekane kushoto kwa skrini. Isipogeuzwa humwonyesha kama vile amegeuza mwili mzima kutazama nyuma, na kushoto kwa gari kunakuwa kulia. Kamera za aina hii mara nyingi huwa na kijiwaya kidogo cha kitanzi. Ukikikata, picha hugeuka. Kwetu kilikuwa hakijakatwa. Fundi alikikata kwa koleo, akakata na cha pili, kinachochora mistari ya kijani, manjano na nyekundu kwenye skrini. Mistari ile huchorwa kwa kukadiria kimo ambacho huenda si cha chombo chako, na lenzi pana hukifanya kitu kionekane mbali kuliko kilivyo.

Badala ya mistari hiyo tulitumia ndoo tatu za kutawadhia. Tulizipanga nyuma ya tela, mita moja, mita mbili, mita tatu, na kwa kila ndoo tukabandika kipande cha tepu kwenye kioo cha skrini. Mzee anaiamini tepu ile kuliko kitu chochote kilichotoka kiwandani. Juu ya kamera imeandikwa IP67, nasi tulidhani ni jina la toleo. Fundi akatueleza: 6 maana yake vumbi haliingii, 7 maana yake chombo kinastahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa. Haimaanishi kwamba tope halishiki juu ya lenzi. Hilo ni kazi ya kitambaa.

Watoto walikuwa wamejaa barazani kutazama. Ustadhi wa madrasa akatoa rai ambayo hakuna mjumbe aliyeifikiria: waketi wao kwenye kiti cha dereva, mmoja mmoja, injini imezimwa na funguo ziko mfukoni mwa mzee, wakati wenzao wamesimama nyuma ya tela. Kwanza skrini ilizimwa, kila mtoto akaambiwa ataje anaowaona kwenye vioo. Kisha ikawashwa. Walicheka sana kuwaona wenzao wametokea ghafla.

Binti yule alipanda wa mwisho, mkono umekwisha kufunguliwa. Mzee alimpakata ili afikie vioo. Akatazama cha kulia, akatazama cha kushoto, akakaa kimya kwa muda. Kisha akamgeukia: "Babu, kumbe ulikuwa hunioni."

Mzee akasema, "Sikukuona, mjukuu wangu."

Tulikuwa tumesimama nje ya mlango wa gari, karibu ya kusikia kila neno. Mama yake alikuwa kwenye ngazi ya baraza. Tulimwendea jioni ile ile, tukamjibu swali lake ambalo tulikuwa hatujalijibu. Alisema alikwisha kujua tangu siku ya kwanza. Binti alimweleza kwamba katibu alikuwa anaandika. Alikuwa akisubiri tumwambie wenyewe.

Baada ya hayo baadhi ya wajumbe walitaka zamu ya kusimama nyuma iondolewe, kwa kuwa sasa kuna kamera. Mzee alikataa, nasi tulikataa pamoja naye. Kamera inatazama nyuma tu; haioni mtoto anayetokea ubavuni kwenye baraza, haisikii ukelele, na mvua ya dakika tano huitia ukungu. Mwenye kusimama nyuma sasa ana kazi mbili: hupangusa lenzi kwa kitambaa, kisha husimama mahali pake mikono mitupu. Simu na kalamu hubaki ndani ya gari. Viti huhesabiwa baada ya magurudumu kuwekewa magogo.

Mzee naye ana desturi yake mpya. Kabla hajaingiza gia hushusha kioo akauliza, "Nani yuko nyuma?" Hakubali kuambiwa tupo. Hungoja hadi asikie jina, na asipolisikia hukaa hapo, injini inanguruma, hata kama waliofiwa wanasubiri maturubai. Ijumaa iliyopita alituuliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tulijibu kwa sauti ndogo.